Nilimwambia Shangazi Anisubiri

Jumamosi, mwezi wa nane. Mtinko, Singida, nyumbani kwa Mama.

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule upepo wetu mkavu wa kipupwe unaoingiza vumbi mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mama amefunga madirisha yote. Nimekaa kwenye kitanda nilichokuwa nalalia tangu niko darasa la tatu, kompyuta iko mapajani, moyo mzito. Jua bado lipo. Nataka niandike kabla halijazama, maana kesho tunasafiri na sijui lini tena nitapata nafasi ya kukaa peke yangu.

Mnaonisoma hapa mmezoea habari za Uturuki. Theluji, hosteli, chakula cha kantini, mimi na wenzangu kwenda sinema kila Jumatano. Wengine mmeniandikia kwamba hizo habari za sinema ndizo mnazozisubiri. Asanteni. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika humu wala kumwambia mtu yeyote wa nyumbani.

Mimi sisomi udaktari. Niliondolewa kwenye udaktari mwaka juzi.

Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta mara mbili.

Baba yangu alifariki nikiwa shule ya msingi. Aliyesimama badala yake ni dada yake mkubwa, Shangazi Mariamu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya shamba letu la alizeti. Nilipopata ufadhili wa kwenda Uturuki, baba zangu wadogo walisema msichana aolewe kwanza, kusoma kutamkuta hukohuko kwa mume. Shangazi alikuja kwenye kikao cha wanaume bila kuitwa. Akasema, "Huyu anaenda. Atarudi daktari, atatutibu wote, na nyinyi mnaokataa atawatibu pia." Siku ya kuondoka ilisomwa dua, akachinjwa mbuzi, na tangu hapo jina langu Zuhura likapotea. Nikawa Daktari. Mama akinipigia simu anaanza hivyo: "Haya, Daktari, hujambo?"

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kituruki tu. Ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote. Huko ndiko nilikokutana na Fatou, Mgambia anayesoma uhandisi wa maji, mwenye kicheko kinachosikika mpaka ghorofa ya pili. Yeye ndiye aliyenipeleka sinema mara ya kwanza.

Kwetu Mtinko nilikuwa nimeona filamu kwa kuchungulia kwenye tundu la mabati ya banda la video, zile zilizotafsiriwa na mtu anayeongea juu ya sauti za waigizaji. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kitambaa, kioo kikubwa kuliko nyumba yetu, na sielewi neno. Fatou naye haelewi. Nikaanza kumnong'oneza tafsiri ya kutunga, kama yule jamaa wa banda la video: sasa huyu mzee anasema, wewe mama, nirudishie kuku wangu. Fatou alicheka mpaka watu wa mbele wakageuka. Tukaona tukirudi kila Jumatano, siku ambayo tiketi huwa rahisi, Kituruki kitaingia chenyewe. Na kweli kiliingia.

Baadaye akaongezeka Aigerim, kutoka Kazakistani. Tulipangwa chumba kimoja nilipoanza udaktari, na darasa moja. Mtu wa maneno machache. Baridi ikizidi alikuwa ananivalisha glavu zake bila kuniuliza, kisha anaingiza mikono yake mfukoni na kuendelea kutembea.

Sinema za kule zina kitu ninachokipenda. Filamu ikifika katikati inakatwa, taa zinawashwa, watu wanatoka kunywa chai, kisha wanarudi. Mambo makubwa ya maisha yetu watatu tuliyaongea katika mapumziko hayo. Hapo ndipo Fatou alipotuambia mama yake amepewa talaka. Hapo ndipo Aigerim alipolia mara moja tu, siku bibi yake alipozikwa na yeye hawezi kwenda. Chai ilipoa, filamu ikaendelea bila sisi.

Mimi sikusema langu.

Nilifeli mwaka wa kwanza wa udaktari. Sikufeli kwa sababu ya sinema, niseme ukweli. Nilifeli kwanza. Maelfu ya majina ya misuli na mishipa, kwa Kituruki na Kilatini, yalikuwa yanaingia asubuhi na kutoka jioni. Aigerim alinifundisha mpaka sauti ikamkauka. Nikarudia mwaka. Safari hiyo nilikuwa naogopa darasa kiasi kwamba Jumatatu asubuhi, wenzangu wakiingia maabara, mimi nilikuwa napanda tramu kwenda sinema peke yangu. Ukumbi mtupu, mimi na wazee wawili waliokuja kuota joto. Gizani hakuna anayekuuliza jina la mshipa.

Nikafeli tena. Chuo kikanihamishia kwenye ukutubi. Na ajabu ni kwamba huko nafanya vizuri. Napenda kupanga vitabu na nyaraka, napenda kazi ambayo kosa lake halimuui mtu.

Ndivyo nilivyokuwa nafikiri.

Fatou na Aigerim walijua yote. Aigerim aliwahi kuniambia, "Wapigie simu nyumbani uwaambie. Kila mwezi unaopita, maneno yanazidi kuwa mazito." Nikamjibu nitawaambia uso kwa uso, nikienda. Nilikuwa sijarudi Tanzania tangu niondoke. Nikienda. Nilijificha ndani ya neno hilo kama nilivyokuwa najificha kule ukumbini.

Sasa nifike mwezi wa kwanza mwaka huu.

Ilikuwa Jumatano, theluji inaanguka. Tulikuwa kwenye foleni ya bisi, Fatou anabishana na muuzaji kuhusu chumvi. Ukaingia ujumbe wa sauti wa Shangazi Mariamu. Nikaweka simu sikioni.

"Daktari wangu, hujambo? Huku tunapalilia. Sasa, nina jambo la kike. Kuna kitu kimenitokea kwenye titi la kushoto, kidogo tu, kama punje ya mahindi. Hakiumi. Pale zahanati muuguzi ni mwanaume, na mama yake tunasali wote, siwezi kumvulia nguo. Nikasema ngoja nikuulize wewe. Nikusubiri uje?"

Aigerim alikuwa amesimama pembeni yangu. Mwanafunzi wa udaktari wa kweli, mwaka wa nne, begani pangu. Ningegeuza shingo tu.

Lakini kumuuliza kungenifanya niseme kwa sauti kwamba watu wa kwetu bado wananiita daktari. Filamu ilikuwa inaanza. Nikabonyeza kitufe na kusema, "Sawa shangazi, nikija nitakuangalia mwenyewe. Kama hakiumi, usiogope."

Halafu nikazima simu, kama inavyotakiwa ukumbini, nikaingia.

Filamu ile siikumbuki hata kidogo.

Nilifika nyumbani mwezi uliopita. Siku mbili za kwanza zilikuwa za kusalimia na kula kuku. Siku ya tatu Mama alikwenda mashineni kusaga, na Shangazi akaja. Amekonda, nikadhani ni kazi. Nikampigia goti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, daktari wangu." Akafunga mlango na kuweka komeo. "Haya, nimekuja na ile shida yangu."

Akafungua vifungo vya gauni. Haikuwa punje ya mahindi tena. Ilikuwa kama yai la kuku, na ngozi juu yake imevutwa kwa ndani, ina vishimo kama ganda la chungwa. Hata mimi niliyefeli mara mbili nilijua. Akachukua mkono wangu akauweka pale.

"Hakiumi," akasema. "Kama ulivyoniambia. Kwa hiyo sikuogopa."

Nikauondoa mkono wangu.

"Shangazi, mimi si daktari."

"Najua hujamaliza. Mwaka wa nne unatosha kuangalia titi."

"Siko mwaka wa nne. Nilifeli. Walinitoa. Nasoma mambo ya maktaba."

Alinitazama, kisha akaanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini. Nilisubiri amalize.

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Mimi nilikutumia ujumbe mwezi wa kwanza. Mwaka huu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ukanijibu."

"Nilikujibu. Samahani, shangazi. Nisamehe."

Hakulia, hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Aliangalia dirishani, alizeti zilishavunwa, kumebaki mabua tu.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi usimwambie leo. Tuhangaike na hili kwanza. Kesho unanipeleka mjini."

Tulikwenda na gari la asubuhi. Hospitalini tukapokewa na daktari wa kike, msichana wa umri wangu, kwa lafudhi yake nikajua anatokea Iramba, wilaya ya jirani. Hiyo iliniuma kwa namna yake. Alimwamkia Shangazi vizuri, akanawa mikono, akamkagua polepole, akaingiza vidole kwapani na kukaa hapo akibonyeza. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona na mkoba wa Shangazi.

"Uvimbe umeanza lini, mama?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

"Mbona mmechelewa hivi? Ulikuwa unasubiri nini?"

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, sasa anasema ni mimi.

"Kazi za shamba," Shangazi akajibu. "Ukiwa peke yako, mwanangu, shamba halikupi nafasi."

Daktari akatikisa kichwa, akanigeukia mimi. "Dada, uvimbe usiouma ndio wa kukimbilia hospitali. Watu wanangoja mpaka uume. Waambie na wenzako kijijini."

"Nitawaambia," nikasema.

Hayo tu. Shangazi wangu amedanganya kwa ajili yangu mbele ya daktari, akakubali kuonekana mzembe wa mwili wake mwenyewe, na mimi nikasema nitawaambia. Nimeandika makosa mengi leo, lakini hili la kunyamaza kwenye ile kona ndilo linaloniamsha usiku.

Wakampiga altrasaundi, wakachukua kinyama kidogo kwa sindano cha kupeleka maabara. Nikatoka nje nikampigia Aigerim. Nilimweleza yote, pamoja na ile foleni ya bisi.

"Nilikuwa nimesimama pembeni yako," akasema.

"Ndiyo."

"Zuhura, ungeniuliza tu."

Hakuwa ananigombeza. Ni sauti ya mtu aliyejikuta ndani ya jambo ambalo hakulifanya. Jioni yake aliniandikia orodha ya maswali ya kumuuliza daktari, na kila siku tangu hapo ananiuliza kama majibu yametoka. Fatou yeye alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba, nusu yake analia, nusu yake ananifokea. Nimeusikiliza wote.

Majibu yametoka juzi, Alhamisi. Ni saratani. Imefika kwenye tezi za kwapani. Vipimo vingine havijaonyesha kwamba imekwenda mbali zaidi. Daktari alisema inatibika, akasema hivyo mara mbili akimtazama Shangazi usoni, lakini matibabu yatakuwa marefu na makali kuliko ambavyo yangekuwa tungekuja mapema. Ametuandikia rufaa ya Dar es Salaam. Shangazi aliuliza swali moja tu, kama atarudi kupanda msimu huu. Daktari akasema msimu huu, hapana.

Tukapanda gari kurudi. Tulipokaribia Mtinko akasema, akiangalia mbele, "Sasa mwambie mama yako."

Nilimwambia jana, baada ya Mama kurudi kutoka msikitini. Alikuwa anapepeta alizeti uani. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikasema yote bila kupumzika, kuhusu kufeli, maktaba, mwezi wa kwanza, na majibu ya Alhamisi. Ungo ulisimama hewani.

"Mariamu anajua kwamba ulimjibu ukiwa umeshatolewa?"

"Anajua tangu siku ya tatu nilipofika."

"Na bado anakuita mwanangu?"

Mama aliweka ungo chini, akakung'uta gauni lake, akavuka shamba kwenda kwa wifi yake. Niliwaona kwa mbali wamekaa kizingitini, bega kwa bega. Walikaa hivyo mpaka jua likageuka. Aliporudi alipika, akanipakulia ugali na mlenda kama kawaida, akala chumbani kwake.

Leo asubuhi akaja jirani mmoja na mtoto mgongoni anayekohoa. "Hodi. Tumekuja kwa daktari."

Mama alitoka kabla yangu. "Hapa hakuna daktari. Mpeleke zahanati sasa hivi, usikae."

Jirani akanitazama juu ya bega la Mama, akidhani ni utani. Nikajua kwamba hili haliwezi kusemwa na Mama kwa niaba yangu.

"Ni kweli, mama," nikamwambia jirani. "Sisomi udaktari. Nasomea ukutubi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kutunza vitabu na makaratasi."

"Haa." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Haya." Akaondoka akipita njia ya zahanati. Nadhani kufikia adhuhuri kijiji chote kilikuwa kimeshajua, maana watu watatu wamepita hapa nje na wote wamemsalimia Mama kwa sauti ya msibani.

Ni ajabu. Kwa miaka miwili niliogopa saa hii kuliko kitu chochote, na imekuja na kupita kabla chai haijachemka.

Chuo nimekiandikia kuomba kusimama kwa muhula mmoja. Fatou atahifadhi vitu vyangu chumbani kwake. Amesema Jumatano watakwenda sinema wawili. Nimemwambia waende. Sijui kama nitaweza tena kukaa gizani na simu imezimwa. Labda siku moja. Sasa hivi nikifikiria ule mlango wa ukumbi, nasikia sauti ya Shangazi ikiniuliza, nikusubiri?

Mchana nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Atakaa Dar kwa mwanawe Iddi, na ni yeye Shangazi aliyesema niende naye. Alimwambia Mama, "Huyu anajua kusoma makaratasi yao." Nilitaka kuamini kwamba huo ni msamaha. Nikaona nisijidanganye, nimuulize.

Alikuwa anatoa nguo kwenye sanduku la bati. Nikakaa chini miguuni pake.

"Shangazi, nakuomba unisamehe. Si kwa kufeli. Kwa lile jibu."

Aliendelea kutoa nguo. Kisha akasema, kwa utulivu kabisa:

"Nitakusamehe, mwanangu. Lakini si leo. Leo nina hasira, na nina ugonjwa. Vyote viwili siwezi kuvibeba pamoja na wewe. Shika hizi kanga ukunje."

Nikakunja.

Tulikunja nguo mpaka sanduku likawa tupu na begi likajaa. Alinionyesha dawa zake ziko wapi, na bahasha ya rufaa, na mahali alipoandika namba ya Iddi endapo simu yake itazima. Nilizirudia zote mbele yake mpaka akaridhika. Hakuniita daktari. Aliniita Zuhura, na nilikuwa sijalisikia jina hilo kinywani mwake tangu niko sekondari.

Jua linazama sasa. Mama anagonga sufuria jikoni, ananiita nile. Basi linaondoka Singida mjini alfajiri, tiketi mbili, viti vya pamoja. Sijui daktari wa kule atasema nini. Sijui hasira ya Shangazi itachukua muda gani, na sina haki ya kuihimiza. Wakimuuliza tena kwa nini alichelewa, safari hii nitajibu mimi.

Naogopa.

Nitakwenda hivyohivyo.